Trasi Saba za Anko Wafula

Mwezi uliopita nilienda kutafuta mlango kwenye yadi moja ya mbao hapa Nakuru. Msumeno ulipoanza kupasua saiprasi mbichi, harufu yake kali, tamu kidogo, kama limau lililochanganywa na utomvu, ilinifanya nishike ukuta. Muuzaji aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni vumbi. Ninyi siwezi kuwadanganya. Harufu ile hunirudisha Mai Mahiu, mwaka niliokuwa na miaka tisa, kwenye jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori. Kwa miaka mingi alifungua injini juani, kando ya barabara, na upepo wa bonde ukimmwagia vumbi ndani ya kila alichokisafisha. Mwishowe alijenga kuta za gereji kubwa ya kuingiza malori mawili. Zikabaki trasi, zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba mabati. "Hizo tutajenga wenyewe," baba alitangaza. Kwa kusema wenyewe alimaanisha Anko Wafula.

Anko Wafula alikuwa kaka mdogo wa mama, fundi wa mbao kutoka Bungoma. Msumeno wa kiwandani ulikuwa umemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, akafutwa kazi, akaja kwetu apone. Baba alimbatiza jina siku ya kwanza tu: Tatu, kwa sababu ya vidole vilivyobaki. "Tatu, leta spana." "Mama Shiru, Tatu ameshakula? Maana kula anakula na vidole kumi." Sisi watoto tulicheka. Mimi, Shiru mwenyewe, nilicheka kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa kipenzi cha baba na nilijua kazi yangu.

Lakini mchana, baba akiwa chini ya lori, nilikuwa wa anko. Alipiga vigingi ardhini, akavuta kamba, akachora pembetatu moja kubwa ambayo trasi zote zingelazwa juu yake ili zifanane kama ndugu. Mimi nilishika ncha ya kamba. "Fundi, usitikisike," aliniambia, na sijawahi kusimama wima vile tena maishani. Alishika msumari kwa vidole vyake vitatu, akaupigilia mpaka ukatokea upande wa pili, kisha akaukunja ncha. "Ili usirudi nyumbani," alisema. Nilipomuuliza kwa nini kuna mbao zilizolala mshazari katikati, alizigonga moja moja. "Mzigo unashuka hapa. Huyu anachukua kidogo, na huyu kidogo. Ukifika ukutani umeshachoka."

Wiki ya tatu trasi saba zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyeupe, zikinukia. Madereva waliosubiri malori yao wakaanza kuzizunguka wakizipapasa. Mmoja, mnene, aliyekuwa akibeba mahindi, akamwambia baba, "Boss, huyu fundi yako ni moto. Akimaliza hapa nitamchukua anijengee yangu Gilgil."

Baba alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma. Niliona taya lake likisimama.

"Moto?" alisema. "Haya, tuone."

Akaamuru trasi moja iwekwe juu ya mapipa mawili ya mafuta, kila ncha juu ya pipa lake, watu wawili wakiishikilia isilale. Chini kulikuwa na springi za malori na vyuma chakavu. "Tatu, panda." Anko akapanda, akasimama katikati kwenye ubao wa chini. Trasi haikulia hata kidogo. Baba akamwita utingo mmoja, naye akapanda. Kisha dereva wa mahindi, kwa makelele mengi ya wenzake. Kisha wengine wawili. Watu watano walisimama wamekumbatiana kama watu walio kwenye picha ya harusi, na ubao haukupinda. Watu wakapiga makofi. Anko Wafula alitabasamu, na ndiyo mara pekee niliyoona meno yake yote.

"Bado kileleni," baba alisema. "Shiru, kuja. Panda mpaka pale juu kabisa, ukae."

Nikakimbia. Nilikuwa nimeshavua ndala. Nilijiona tayari niko juu, naona malori yote, na kila mtu akiniangalia mimi.

Anko aliruka chini akanishika bega. "Shemeji, mtoto hapana."

"Kwa nini? Si ni imara?"

"Ni imara."

"Basi apande."

"Hapana, shemeji. Watu watano wamepanda. Mtoto si mzigo wa kupimia."

Baba aliwageukia madereva, akicheka. "Mmesikia? Anajua kitu hatujui." Kisha akasema polepole, "Ama apande, ama useme mbele ya hawa watu itavunjika. Chagua."

Anko aliitazama trasi. Kisha akanitazama mimi, na springi zile chini. Mkono wake begani mwangu haukulegea.

"Itavunjika," alisema.

Kicheko kilichopasuka pale bado nakisikia. Dereva wa mahindi aliruka chini upesi, akajipangusa kana kwamba amepakwa uchafu. Na mimi, niliyenyimwa kilele changu, nilijichomoa kutoka mkononi mwa anko nikapiga kelele: "Muongo! Mwoga! Tatu muongo!" Baba akanibeba mabegani. Nilifurahi sana.

Anko alifukuzwa saa hiyo hiyo. "Wiki tatu unakula kwangu, unanijengea kitu cha kuua watoto!" Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akamfungia chapati mbili kwenye gazeti. Anko alininyooshea mkono kuniaga. Baba alikuwa anatazama. Nikaficha wangu nyuma ya mgongo.

Jumatatu trasi zote saba zilipandishwa. Hakuna msumari uliobadilishwa.

Ilinichukua miaka mingi kuuliza. Baba alikuwa ameshazeeka, amekaa chini ya paa lile lile, na nikamwuliza kama kweli aliamini trasi ile ingevunjika. "Nani aliamini?" alijibu. "Hata yeye hakuamini. Madereva walikuwa wanamwangalia sana, ndiyo maana." Akaomba chai.

Madereva hubeba habari kuliko mizigo. Kutoka Mai Mahiu hadi Gilgil ilijulikana kwamba kuna fundi wa vidole vitatu aliyekiri kwa mdomo wake kazi yake huvunjika. Hakuna aliyemwajiri tena. Baada ya jibu lile la baba nilimtafuta anko, nikampata Longonot, akilinda shamba la vitunguu la mtu, na mwenye shamba alishangaa kusikia kwamba mlinzi wake aliwahi kushika msumeno.

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, lakini nilichoweza kusema kilikuwa kifupi. "Anko, nilikuita muongo."

Alicheka. "Si nilikuwa muongo, Shiru? Siku hiyo moja."

Hakuniuliza habari za baba. Alinitafutia kiti, akanivunia vitunguu vya kupeleka nyumbani, akavifunga vizuri. Nilipokuwa na miaka tisa nilidhani alinyamaza kabla ya kujibu kwa sababu aliogopa. Sasa najua alikuwa anahesabu. Aliifahamu barabara ile na midomo yake, na alijua kwamba neno moja lingemaliza kazi ya maisha yake. Alilisema kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akimcheka kila siku mezani, na ambaye angemzomea mara tu akilisema.