Kuni Zilizopikia Msiba wa Baba

Mimi hasira zangu ziko puani, na Tunduma nzima wanalijua hilo. Karakana yangu iko nyuma ya maegesho ya malori. Nayeyusha vyuma chakavu na kumimina vipuri vya mashine, na mteja akiniuliza kama fundi mwenyewe yupo namwambia fundi mwenyewe ndiye huyu anayekutazama, kama hutaki, barabara ile pale. Lakini haya ninayoyasimulia si ya wateja. Ni ya baba yangu na shangazi yangu, na ya mdomo wangu mimi mwenyewe, na kila nikiyakumbuka natamani kuvunja kitu.

Baba alipigana vita ya Uganda. Alivyosimulia, walirudi wakakuta nchi imekauka. Trekta likiharibika linabaki shambani linaota majani, spea hakuna, na fedha za kigeni za kuagizia spea hakuna. Wakubwa wakasema basi, tutatengeneza mashine zetu wenyewe. Baba, mwanajeshi asiyejua hata kushika randa, akapelekwa kiwanda cha serikali kujifunza kuchonga modeli.

Modeli ni umbo la mbao la kile kipuri unachokitaka. Unalizika kwenye mchanga, unalishindilia, unalitoa polepole, na pale lilipokuwa unamimina chuma cha moto. Bila modeli una chuma tu. Baba aliijua kazi hiyo mpaka wakampa chumba chake na ufunguo wake, na kutoka kwenye chumba hicho zikatoka mashine za kumenyea kahawa mbivu. Nyingine bado ziko kwa wakulima wa Igamba na Hasamba, zimechoka, gia zimelika meno, lakini wenyewe hawataki kuzitupa.

Kisha kiwanda kikauzwa. Hapa ndipo damu hunichemka. Mashine za kukereza chuma, zilizonunuliwa nchi ikiwa na njaa, zilikatwa vipande kwa gesi zikapakiwa kama chuma chakavu. Jengo likawa stoo ya saruji. Leo naambiwa redioni kwamba tunajenga viwanda. Jamani! Tulikuwa navyo! Mbao hazikuwa na mnunuzi, kwa hiyo baba aliruhusiwa kuchukua modeli zake, akazipanga kwenye stoo nyumbani kwetu Igamba, akazipaka rangi upya kila mwaka.

Mwaka jana tulikubaliana, yeye na mimi, kwamba viraka vya mashine kuukuu basi. Tutatengeneza mashine nzima, mpya, kutoka chini mpaka juu, ya kwanza tangu kiwanda kife. Nilishamimina mwili na miguu. Zikabaki gia mbili, kubwa na ndogo, na modeli zake zilikuwa stoo. Akaugua masika, akalala wiki mbili, akafa. Nilikuwa nimeshika mkono wake aliponiambia, "Umalizie mashine."

Msiba ulikuwa na mvua isiyokatika. Watu walijaa mpaka kwa majirani, na jikoni akasimama shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke ambaye Igamba nzima ukifiwa unamwita kwanza yeye ndipo unamwita mchungaji. Mimi nilikuwa pembeni ya nyumba nimebanana na simu. Mzigo wangu wa vyuma kutoka Zambia ulikuwa umekwama mpakani, dereva ananizungusha, nami namfokea, "Iwe! Usinichezee!" kama tunavyofokeana na Wazambia pale Tunduma, "iwe" yao ndiyo "wewe" yetu. Shangazi akaja na kanga imelowa, akasubiri, akaniambia, "Mwanangu, kuni zote zimelowa na watu hawajala. Kuna mbao kavu stoo kwa baba yako. Tuzichukue?"

Nikamwambia, "Chukueni! Chomeni chochote, Shangazi, huoni naongea na simu?"

Tulikula ugali na maharage. Nilisikia harufu ya rangi inayoungua nikasema kwa sauti kwamba kuna mtu anachoma plastiki jikoni, hana akili.

Siku ya pili baada ya mazishi nikaenda stoo kuchukua modeli zangu. Stoo ilikuwa nyeupe, hakuna hata ubao mmoja. Nikatoka mbio mpaka jikoni, nikachokoa majivu kwa kijiti, nikaokota pini ndogo za shaba, zile baba alizokuwa akiunganishia modeli za vipande viwili. Khaa! Sikumbuki nilivyofika uani. Nakumbuka watu wamekaa kwenye mikeka, na shangazi anaosha sufuria, nami nimesimama juu yake napiga kelele. Nilimwita mchawi. Nilimwambia amemzika kaka yake mara mbili. Nilimwambia mwanamke mzima hajui tofauti ya kuni na mali ya watu.

Katikati ya maneno hayo nikakumbuka. Simu, mvua, kanga iliyolowa, "tuzichukue?" Nilikumbuka yote, neno kwa neno. Sikunyamaza. Niliendelea kumtukana, tena kwa sauti ya juu zaidi, maana watu wote walikuwa wananitazama.

Shangazi aliweka sufuria chini akasema, "Basi, mwanangu. Nimekosa."

Kuanzia siku hiyo Igamba wakampa jina, Bibi Kuni. Akina mama wakamwondoa kwenye upishi wa misiba, wakampa mwingine, yeye akawa anakaa mkekani na wageni kama mtu asiye na mikono. Mimi nilikuwa nakwenda kila baada ya wiki mbili, nalala kwake, nakula kwake. Siku moja jirani alilitaja lile jina mbele yangu, nikacheka. Nawaambia ukweli, nilicheka.

Na gia zilikuwa zinanitesa. Niliazima jozi ya gia kuukuu kwa mkulima mmoja wa Hasamba, nikajaza meno yaliyolika, nikachonga modeli kwa kuifuata. Nikamimina, gia zikatoka ndogo. Chuma kikipoa hunywea, kwa hiyo modeli lazima iizidi gia yenyewe kidogo, na huo "kidogo" baba alikuwa nao mikononi na kwenye zile mbao, hakuuandika popote. Nikachonga ya pili, meno yakawa yanapitana bila kugusana. Ya tatu ikapasuka. Nilirusha nyundo ikatoboa bati la jirani. Wakati huo kahawa ilishaanza kuiva, na watu waliochoka kunisubiri walinunua zile mashine za bati jepesi zinazoshushwa mpakani, zinazong'aa hivi, halafu zinapinda mkono wa kuzungushia kabla msimu haujafika katikati.

Ya nne ikakubali. Nilizungusha mkono wa mashine, gia zikashikana, nikakaa chini kwenye mchanga nikalia kwa hasira, maana aliyepaswa kuiona hakuwepo.

Tuliipeleka Igamba kwa pikapu. Wakulima walikusanyika uwanjani na ndoo zao za kahawa mbivu, na shangazi alikuwa nyuma kabisa na ya kwake. Mwenyekiti wao akashukuru, akamsifu baba, kisha akasema, "Jamani, tuifunge mbali na Bibi Kuni, asije akaipikia makande." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Shangazi naye alitabasamu, kama mtu aliyezoea.

Nikasema, "Nyamazeni. Ni mimi niliyezichoma. Aliniuliza, nikamwambia achome."

Nilidhani Shangazi atalia. Kusema kweli nilidhani atanikumbatia, nami nitajisikia nafuu mbele ya watu wote. Akapita katikati yao taratibu, akaja mpaka mbele yangu.

"Ulikumbuka lini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya, ningesema jana, ningesema leo asubuhi.

"Siku ile ile, Shangazi. Nilipokuwa nakutukana."

"Mimi nilijua umesahau," akasema. "Nikasema mtoto amefiwa, amechanganyikiwa, nimbebee. Msimu mzima nimekubebea kitu nikidhani umesahau."

"Nisamehe, Shangazi."

Alijitwika ndoo yake, akaipita mashine bila kuitazama, akaondoka.

Mashine imefanya kazi tangu siku hiyo, na nimeshapata maagizo ya nyingine kutoka Itumba. Wakulima wote wa upande ule wanaleta kahawa yao hapo uwanjani, isipokuwa mmoja. Nyumba yake iko hatua chache tu kutoka hapo, na nikienda kuikagua mashine, nikiacha kelele zangu, namsikia anaitwanga ya kwake kwenye kinu.