Glavu Ndani ya Bakuli la Bibi

Juzi, hapa Riyadh ninakoishi sasa, nilikuwa nakunja nguo nikamsikia baba akiniita kwa pupa. "Njoo umwone kocha wangu!" Kwenye televisheni alikuwepo yule Mfaransa, mvi kichwa kizima, anahojiwa kuhusu kustaafu kwake. Nikaziacha nguo.

Utotoni, ndugu yangu, tulikaa mtaa wa Baghdadiyah kule Jeddah, ghorofa ya tatu, mimi, baba na bibi, ambaye alihama Unguja tangu mwaka sitini na nne. Baba alikuwa dereva wa klabu ya mpira, na kazi yake ilikuwa kumwendesha kocha. Mfaransa huyo alikuwa golikipa mashuhuri kwao kabla ya kuwa kocha. Vidole vyake viwili vilipinda kwa mipira aliyodaka, nami nilivitazama zaidi vidole kuliko nilivyomsikiliza mwenyewe. Sasa klabu ndiyo iliyokuwa kafili wetu, mdhamini wa vibali vyetu vya kukaa nchini, na baba alikwishaambiwa wazi kwamba kocha akiondoka, na dereva wake halas, kazi imekwisha. Basi nyumba nzima isiyojua hata kona ni kitu gani ikawa inaiombea timu ishinde.

Bibi alikuwa na mchango wake. Kabla ya kila mechi alipika boko boko la ngano na nyama, akalisonga mpaka mkono ukamfa ganzi, akalimwagia samli ya moto. Alilitia ndani ya bakuli lake la kaure lenye maua ya buluu, alilokuja nalo kutoka Unguja limefungwa kwenye kanga. "Mpelekee," humwambia baba. "Mtu mwenye njaa atafundisha nini?"

Bakuli lilirudi limeoshwa, linang'aa, tupu. Wajua kwetu ukiletewa chakula hurudishi chombo hivi hivi; utatia japo ndimu mbili au kikombe cha sukari. Bibi alisonya. "Huyu hakupata wa kumlea." Baba aliona haya kumwambia mkubwa wake. Nikamwambia mimi, kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, asubuhi moja baba aliponipitisha shule naye yumo garini. Mfaransa alinisikiliza bila kucheka.

"Nyumbani kwangu kuna maji na mayai tu," alisema. "Ngoja nifikiri."

Hakupata muda. Timu ilikuja huku Riyadh ikafungwa manne, na wiki ile ile kocha akaambiwa yalla, afunge mizigo. Alasiri alipanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza, bakuli mikononi. Ndani yake mlikuwa na glavu kuukuu za golikipa, zimekunjwa vizuri. Alimpa bibi kwa mikono miwili, akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Samahani, mama," akashuka. Baba akampeleka uwanja wa ndege, na hiyo ndiyo ikawa safari ya mwisho ya baba kwenye klabu.

"Alaa!" bibi akasema. "Mtu kampotezea mwanangu kazi, kisha aniletea soksi za mikono!"

Baba alihangaika miezi mpaka familia moja ya mtaa wa Al-Safa ilipomchukua awapeleke watoto wao shule. Glavu nazo hazikulala bure. Bibi aliziepulia masufuria, na mkate wa kumimina alioutoa motoni kwa glavu zile sijaula tena mfano wake. Ziliungua, zikanuka samli na hiliki, kidole gumba kimoja kikaisha. Bibi alipofariki, na nyumba ikatakiwa kubomolewa, jiko nililisafisha mimi. Nilitupa viatu vibovu, makopo na glavu. Leo pale hata ngazi hazipo.

Sasa mtangazaji alikuwa akimwuliza ziko wapi glavu za mechi yake ya mwisho golini, zile alizopangulia penalti mbili. Watu wengi wamezitafuta, alisema.

Mzee akacheka. "Ziko Jeddah, kwa mama mmoja aliyenilisha. Sikuwa na kitu kingine cha maana cha kutia ndani ya bakuli lake."

Baba akanigeukia, uso umemkunjuka kwa furaha. "Unazo?"

"Bakuli ninalo," nikasema.

Niliona haya, haya yangu na ya bibi pamoja. Nikaenda kulitoa kabatini, nikaliweka mezani mbele ya baba, tupu.