Dunia Inavuta Nini

Nilipofika nyumbani Ushirombo kwa likizo ndefu ya mwaka wa pili wa chuo kikuu, wanawake wa jirani walikuja kunipa pole. Nilidhani ni pole ya safari, maana safari yenyewe ilistahili: treni kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, basi hadi Kahama, kulala kwa shangazi mtaa wa Nyasubi, halafu lori la magunia lililonishusha nimejaa vumbi hadi kope. Lakini mmoja wao aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akamgeukia mama.

"Mbona hana joto?"

Kumbe Kiswahili cha mama ndicho kilichoniponza. Nyumbani tulisema Kisumbwa. Kiswahili mama alikitumia kanisani na sokoni tu, na kwa uchache. Walipomuuliza binti yake yuko wapi siku hizi, badala ya kusema anasoma fizikia alisema, "Yuko Dar es Salaam, ana fizikia." Wakaguna. Wakauliza ameipatia wapi. Mama akajibu kwa fahari kwamba ameipatia huko huko chuoni, na kwamba wasichana wenye fizikia ni wawili tu darasa zima. Jumapili iliyofuata mtu akasimama kwenye maombi ya waamini akaniombea nipone.

Niliwashukuru. Niliwaambia naendelea vizuri, jambo ambalo halikuwa kweli. Fizikia ilikuwa inanitesa kuliko homa. Miaka ile ya sabini tuliambiwa taifa linahitaji wanasayansi, nami niliitikia wito bila kuuliza maswali, na sasa nilikuwa nalala nikiota alama za Kigiriki zikinifukuza shambani.

Likizo yenyewe haikuwa likizo. Mhadhiri wetu, mtu mpole aliyevaa kaptura na soksi ndefu, alitaka kila mmoja akapime nguvu ya uvutano wa dunia kwao. Alitupa pendulamu: tufe dogo la shaba lenye ukubwa wa limau, la kufungwa kwenye uzi na kuachwa libembee. Unapima urefu wa uzi, unapima muda wa kubembea kwa saa ya mkononi, unapiga hesabu, unapata jibu. Shida ni kwamba tufe hilo lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na rangi yake ilikuwa njano.

Nililitundika kwenye boriti ya banda la baba la kuhifadhia pamba, ambalo wakati ule lilikuwa tupu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimelisukuma, mjomba akaingia.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliwahi kwenda Maganzo kuchimba almasi. Hakupata almasi, ila alipata kofia ya chuma na namna ya kuitazama ardhi kana kwamba inamficha kitu. Baada ya hapo alikwenda kujaribu dhahabu upande wa Geita, akarudi na kofia ile ile. Yeye aliniita mjomba, nami nilimwita mjomba, kama ilivyo kawaida.

"Shikamoo, mjomba."

"Malahaba, mjomba. Hiki nini?"

"Ni masomo. Napima jinsi dunia inavyovuta."

"Dunia inavuta?" Akacheka. "Inavuta nini, sigala?"

"Inavuta kila kitu. Wewe, mimi, hilo tufe."

Kicheko kikakatika. Alilitazama tufe likienda na kurudi, njano, likimetameta kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hata zahabu?"

"Hata dhahabu," nikasema. Nilikuwa nasema kweli tupu ya kisayansi.

Akaketi chini, kofia magotini, akasubiri. Tufe lilibembea likachoka, likapunguza mwendo, mwishowe likatulia.

"Limesimama hapa," akanong'ona.

"Mjomba, litasimama hapo siku zote. Ndiyo chini kabisa."

"Siku zote!" Akainuka kwa heshima kama mtu aliyemaliza kupokea komunyo, akatoka.

Asubuhi yake mimi na mama tulikwenda sokoni. Tuliporudi, banda lilikuwa linatoa udongo mlangoni. Ndani kulikuwa na wanaume wanne, kamba, ndoo, na shimo lililommeza mjomba mpaka kwenye kofia. Tufe langu bado lilikuwa linaning'inia pale pale, juu ya shimo kabisa, limetulia tuli.

"Unaona?" mjomba akapaza sauti kutoka chini. "Tumechimba na halijabadili mawazo!"

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, kwa Kisumbwa, na kwa kuchora mchangani. Nilisema lingening'inia vile vile hata juu ya sufuria la ugali. Rafiki yake mmoja, Msukuma mrefu, alinisikiliza kwa makini sana, halafu akamwambia mjomba, "Bebe, wewe, wasomi ndivyo walivyo. Wakijua mahali, hawasemi."

Ndipo baba akarudi kutoka shambani. Baba alikuwa mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache, na banda lile alilijenga mwenyewe kwa mikono yake. Alisimama ukingoni akachungulia.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Unafanya nini humo?"

Mjomba akaiweka sawa kofia yake. "Namsaidia mtoto masomo."

Baba akanigeukia. Nilitaka kulia, na wakati huo huo kicheko kilikuwa kinanipanda tumboni kama maziwa yanayochemka. Nilijua nikimkana mjomba, baba angemfukuza na jembe mkononi. Nikatazama shimo, nikatazama boriti, na hapo hapo, kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, fizikia ikanijia yenyewe bila kuitwa. Uzi ukiwa mrefu, pendulamu hubembea polepole. Ikibembea polepole, ni rahisi kuipima sawasawa. Tatizo langu tangu jana lilikuwa kwamba banda ni fupi.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Shimo linahitajika."

Mjomba alinitazama kutoka chini kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona tena kwa mwanamume yeyote.

Baba akakubali, kwa sharti kwamba watakachokifungua watakifunga. Wiki ile tuliishi kwa furaha ya ajabu. Wao walichimba, mimi nilirefusha uzi. Kila niliporefusha, tufe lilibembea taratibu zaidi, nao waliegemea majembe wakitazama.

"Mwendo umepungua," Msukuma alisema.

"Limekalibia," mjomba alijibu. "Linanyatia."

Sikubisha tena. Niliwapa kazi ya kuhesabu mizunguko kwa sauti, nikishika saa mimi. Watu wazima wanne walihesabu kwa pamoja kama wanakwaya, na yeyote aliyekosea alitukanwa na wenzake. Wanawake waliosikia hesabu hizo kutoka barabarani walimwambia mama kwamba ugonjwa sasa umeenea kwa wanaume.

Dhahabu haikuonekana. Ulionekana mwamba mgumu uliovunja sululu, pamoja na chura mmoja aliyekasirika. Mjomba alikaa na ule mwamba nusu siku, akiugonga na kuusikiliza, kisha akapanda juu akasema dhahabu ipo ila imehama kidogo kuelekea Geita, naye ataifuata. Aliondoka na kofia yake. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili na kuniambia nisiache masomo, kwa sababu nina kipaji.

Habari ya kulifukia shimo ikaishia hapo. Baba alilizunguka siku mbili tatu, akaona ni upotevu kuutupa uchimbaji mzuri namna ile. Akaliezua banda, akajenga jingine pembeni, na pale penye shimo akaweka magogo, kuta za matete na mlango. Tukawa na choo kirefu kuliko choo chochote Ushirombo, hata cha misheni. Wageni waliokuja kwa mambo mengine waliomba kupelekwa kukiona.

Chuoni, mhadhiri alisoma ripoti zetu mbele ya darasa. Wengi walikuwa wamepata majibu ya kutia huruma. Mmoja, kwa hesabu zake, kwao vitu vilikuwa vinaanguka kwenda juu. Alipofika kwangu akavua miwani.

"Jibu hili ni zuri mno. Uzi mrefu hivi uliutundika wapi? Kwenu kuna ghorofa?"

"Hapana, mwalimu. Tulichimba."

"Mlichimba? Kwa ajili ya zoezi langu?" Uso wake ulilainika. Alionekana kuguswa sana, nami sikuona sababu ya kumharibia siku. "Na mlipofika chini, mlipata nini?"

"Choo, mwalimu."

Darasa liliangua kicheko kwa muda mrefu, na yule msichana mwenzangu alilazimika kutoka nje. Mhadhiri alisubiri kelele zipungue, akavaa miwani yake, akaniandikia alama ya juu kabisa, ya kwanza na karibu ya mwisho niliyowahi kupata katika shahada yangu.