Mfumo wangu umemkataa mgonjwa wa kwanza

Kazi yangu ya miezi saba imekufa leo asubuhi, na wala sikulia.

Nilipeleka mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati moja huku Msambweni. Niliutengeneza mwenyewe na kuujaribu mwenyewe. (Ndiyo, mwenyewe. Ngojeni.)

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi kutoka Majoreni.

Mfumo ukataka tarehe ya kuzaliwa. Haijui.
Ukataka namba ya simu. Hana simu.
Ukagoma kuendelea.

Bi Mejumaa, muuguzi anayeandikisha wagonjwa, akanigeukia.

"Mwanangu, wengi wanaokuja hapa ni kama huyu. Kabla hujaanza ulimuuliza nani?"

"Nilizungumza na msimamizi."

"Msimamizi haketi hapa."

Akafungua daftari, akamwandika bibi, akampeleka kwa daktari.

Mimi nimesimama tu. Sikuona aibu wala hasira. Ganzi.

Aliporudi akanivutia kiti. "Kaa hapa mpaka adhuhuri, utazame."

Nimetazama, nimeandika kurasa nne. Katika niliyoyajenga, kitakachobaki ni ukurasa wa kuingilia tu, ule wa kuandika jina na nywila.

Mnaotengeneza mifumo, mlishawahi kuanza upya? Siku ya kwanza mlihisi nini? Mimi bado sihisi kitu.