Mtandao wa Dirishani

Karani wa shule alikuwa na miaka hamsini na minane, miguu ya kuvimba, na tabia moja iliyowachosha wakuu wa shule watano: akipewa sheria, anaitii mpaka sheria yenyewe inaona haya. Akiambiwa ofisi ifungwe saa kumi, saa kumi kamili anafunga, hata kama kuna mtu ndani. Msiniulize kama ilishatokea. Mwalimu wa hesabu alitokea dirishani, na suruali yake ikabaki nusu kwenye komeo.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Mkuu wa shule alimkabidhi mtandao.

Chanzo chake ni wanafunzi wa mwaka wa tatu. Siku ya mtihani wa kemia darasa zima halikuonekana. Wakasakwa, wakakutwa chumba kipya cha kompyuta wanamtazama mtu wa ng'ambo aliyekalia kiti cha barafu, akingoja kiyeyuke. Saa sita mfululizo, jamani! Na mwalimu wa kemia, Mungu amsamehe, alikuwa mstari wa mbele.

Walimu wakabishana siku mbili. Wengine wakasema mtandao uachwe wazi, mtoto ajifunze kujizuia mwenyewe. Wengine wakasema ukatwe kabisa, kwani sisi tulisoma na nini? Mkuu, ambaye hakupenda kumuudhi mtu, akakata shauri la katikati na kulibandika ukutani: chumba cha kompyuta kifungwe, ibaki kompyuta moja tu kwa karani. Mwanafunzi asiiguse wala asikae mbele yake. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, apitishe dirishani, karani amtazamie. Karatasi tatu kwa wiki, basi.

Wiki ya kwanza haikuisha kabla hajaitwa Mtandao. Foleni ilizunguka jengo.

"Mtandao upo?"

"Umekwenda chooni."

"Leo uko polepole kweli."

"Mgongo unamuuma. Jana alibeba ndoo."

Na majibu yalikuwa na mkono wake. Aliyeuliza mchezaji fulani analipwa kiasi gani alirudishiwa karatasi imeandikwa: "Hayakuhusu. Soma." Aliyeuliza kama msichana wa mwaka wa pili anampenda alijibiwa: "Hakuna taarifa. Na kata kucha." Ila swali la maana alilipigania. Alisoma habari za figo, za volkano, za mapinduzi ya watu asiowajua, akazifupisha kwa mwandiko wake mzuri. Tuseme kweli, alifurahi. Miaka thelathini na moja alikuwa akiulizwa ufunguo uko wapi. Leo anaulizwa kwa nini mwezi hauanguki.

Nyumbani aliishi na binti wa marehemu kaka yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho shuleni hapohapo. Binti alikuwa na akili ya kuogopesha, na alitaka kitu kimoja tu duniani: uuguzi. Baba yake alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri muuguzi mmoja aliyekuwa akihudumia wodi tatu. Hakulisema mara mbili, lakini shangazi yake alilijua.

"Shangazi, fomu ya chuo cha uuguzi inajazwa mtandaoni. Mwisho ni Ijumaa ijayo, saa sita mchana."

"Lete karatasi."

"Si tuko nyumbani, Shangazi?"

"Nyumbani mimi si mtandao. Kula."

Fomu ilikuwa na visanduku arobaini na viwili, na kwa hesabu ya karani kila kisanduku ni swali. Jina la kwanza, la pili na la ukoo yakamaliza karatasi za wiki nzima. Kwa mwendo huo binti angeomba chuo kwa wiki kumi na nne. Alilia, na karani naye alilia, kila mtu upande wake wa pazia, lakini sheria ni sheria.

Wenzake ndio waliomwokoa. Ijumaa ile asubuhi wanafunzi kumi na watatu walipanga foleni dirishani, kila mmoja na karatasi zake tatu. Jitu la goli, kipa wa shule, aliyekuwa haulizi kitu zaidi ya mpira, akapitisha karatasi iliyosema: "Naomba kujua jina la mama wa mwenzangu, nimekuandikia hapo chini." Mwingine akauliza kuhusu kundi la damu la mwenzake huyohuyo. Karani akazipokea kwa uso mkavu, moyoni anacheza ngoma, akajaza kisanduku kimoja baada ya kingine. Saa sita kasoro dakika nne alimaliza.

Hapo kompyuta ikaandika: Mwombaji aweke uso ndani ya duara.

Binti alikuwa pale pale dirishani, hatua tatu. Karani akamtazama. Akatazama na tangazo ukutani. Mwanafunzi asikae mbele ya kompyuta, karani atamtazamia. Dakika zilizobaki zilikuwa mbili. Akavuta kilemba vizuri, akaingiza uso wake kwenye duara, akatabasamu.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Mwombaji amekubaliwa! Umri, miaka kumi na tisa. Kwenye picha, bibi wa miaka hamsini na minane, na pengo lake. Afike Jumatatu na uso unaofanana na picha. Ikifika saa nane kasoro robo picha haijarekebishwa, nafasi anapewa mwingine.

Mkuu aliisoma mara mbili, akakuna kidevu.

"Karani, mbona si tatizo? Nenda wewe. Utakuwa unasoma kule, unamletea yeye masomo kwenye karatasi. Utaratibu tunao."

Ubaya ni kwamba hakuwa anatania. Na karani, kwa mara ya kwanza maishani, alisikia sheria ikisemwa na mtu mwingine namna yeye mwenyewe alivyokuwa akiisema. Ikamchefua.

"Mkuu, hapana," alisema. Akashangaa meno yake hayakudondoka.

Jumatatu walifika chuoni wawili, saa saba na robo. Kijana wa mapokezi aliitazama picha, akamtazama karani, akamtazama binti, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema ni jambo dogo. Kompyuta ile pale. Mwombaji akae, aandike jina lake kufungua fomu, apige picha mpya, aweke neno lake la siri.

"Ila ajaze mwenyewe," akasema. "Hapa hajaziwi mtu."

"Kujaza ni kitu gani kwake! Huyu ni wa kwanza shule nzima," karani akasema kwa majivuno.

Binti akakaa. Kioo kikawaka. Na hakufanya chochote. Mikono yake ilikuwa mapajani, imekunjwa, kama mgeni aliyewekewa chakula na bado hajakaribishwa. Msichana aliyeweza kukutajia mifupa yote ya mguu kwa mpangilio alikitazama kipanya, kisha akageuka.

"Shangazi," akanong'ona, "naruhusiwa kukigusa?"

Karani alisikia aibu ikimpanda toka miguuni, ile miguu iliyozidi kuvimba kwa kukalia kiti kimoja mwaka mzima akijibu maswali ya watoto wa watu. Yote aliyajua yeye. Volkano, figo, mwezi. Mtoto alikuwa amepokea karatasi tu.

"Unaruhusiwa," alisema. "Ni chako."

Kidole kimoja kikatoka mapajani. Kikaitafuta herufi ya kwanza ya jina lake, kikaipita, kikarudi. Saa ya ukutani ilionyesha saba na dakika ishirini na tano. Vidole vya karani viliwasha. Angemaliza kazi ile kwa dakika mbili huku amefumba macho.

"Mama, msaidie basi, tutalala hapa!" mtu akalalamika kutoka nyuma, na foleni ikaguna.

Karani akapeleka mikono mgongoni, akaifungamanisha mmoja kwa mwingine, akaibana kwa nguvu.

"Subirini," alisema. "Anatafuta herufi."