Gia ya Meno Ishirini na Sita

Shangazi yangu Kunegunda anachonga gia hapa Mfaranyaki, na akishika kile kipini cha mashine haongei na mtu. Zamani nilidhani ni maringo.

Juu ya meza ya mashine yake ya milingi, ile ya kukatia chuma, kuna chombo kinachoitwa dividing hedi. Kina sahani ya chuma yenye matundu madogo, na kazi yake ni kuligawa duara sawasawa. Kwa gia ya meno ishirini na sita, akimaliza kukata pengo moja anazungusha kipini mzunguko mmoja kamili, kisha anakisogeza matundu ishirini na moja zaidi. Na tundu la kuanzia halihesabiwi! Nilimuuliza mara tatu kwa nini.

"Ukitoka kwenu kwenda sokoni," akasema, "mlango wenu unauhesabu kama nyumba ya jirani?"

Sahani hiyo huwa na vijimkono viwili vya kumwonyesha fundi alipofikia, ila vya kwake vilivunjika kabla hajainunua mashine. Basi anahesabu kwa mdomo.

Jumatano Mama Benigna alileta kutoka Madaba gia ya mashine yake ya kukamua alizeti, meno yamenyofoka. Magunia, alisema, yamejaa mpaka jikoni. Shangazi akaanza kukata mpya. Pengo la kumi na tisa, fundi baiskeli akapita: "Shikamoo mama!" Akaitikia marahaba, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Aliporudi kwenye matundu akadhani mzunguko ule mzima ameshauzungusha. Kisu kikala jino. Kilibaki kipande kimoja tu cha chuma kinachofaa.

Jumamosi akakibana hicho, akakigonga kidogo kwa nyundo ya mti kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Mama Benigna alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani.

Mapengo yalikuwa yamebaki manne alipofika Mzee Thadeo, baba mkwe wake.

"Hodi humu!"

"...saba, nane, tisa..."

"Kunegunda! Nimetoka kijijini tangu alfajiri, hata shikamoo sipati?"

"...kumi, kumi na moja..."

Mama Benigna akainuka haraka. "Shikamoo baba, karibu. Anahesabu gia yangu, akikosea tena ndiyo basi."

"Marahaba. Kwani siku hizi ameolewa na gia?"

Mimi nilicheka. Shangazi hata hakugeuka.

Mzee akakaa juu ya ndoo, amenuna. Baadaye nikasikia sauti ya pili, ya chinichini, ikienda sambamba na ya shangazi: "...ishirini, ishirini na moja." Ni yeye!

Pengo la mwisho likakatwa. Shangazi akapima jino lililobaki kati ya pengo hilo na la kwanza. Akapima tena. Lilikuwa sawa na mengine. Akaifungua gia, akaiweka mezani, halafu akapiga magoti palepale kwenye vumbi la chuma, mikono myeusi kwa oili.

"Shikamoo baba."

Mzee akainuka kwenye ndoo. Aliichukua gia, akaipangusa kwa koti lake, akaanza kugusa jino moja moja kwa kidole gumba. Shangazi bado yuko chini.

"...ishirini na tano, ishirini na sita." Akamkabidhi Mama Benigna gia yake.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia shangazi. "Inuka, vyuma vitakuchoma."