Uso wa Nasambu kwenye Jalada

Kweyu alikuwa mtu wa wembe na gundi. Kazi yake ilikuwa kukata maneno na picha na kuvibandika kwenye karatasi nene, na karatasi hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa mpiga chapa ikarudi ikiwa jarida. Mwaka ule wa 1996 alikuwa akipanga kurasa za Pambo, jarida dogo la kila mwezi la akina mama wa Eastlands, katika chumba kimoja juu ya duka la vyuma, si mbali na Jogoo Road. Nyumbani kwake ni Makongeni, chumba alichopangishwa na mtu wa reli, yeye na mkewe Beldina.

Kazi yake aliijua, na hapo ndipo penye hadithi. Maana kuna watu huko mjini waliodhani jalada ni picha nzuri tu na maneno juu yake. Kweyu alijua jalada ni mtego, na kila mtego una mnyama wake.

Wauzaji wa magazeti walipanga bidhaa yao chini kama mabati ya paa, moja limelalia jingine, na upande wa kushoto tu ndio ulioonekana. Basi jicho la mwanamke wa jalada Kweyu alilitia kushoto, tena likimtazama mpita njia usoni. Herufi alizifanya nene, kwa kuwa msomaji wake alisoma huku anatembea, mtoto mgongoni na kiroba mkononi. Na maneno aliyaandika kama swali, kwa sababu mama wa mtaa wa Huruma akiulizwa swali hawezi kupita bila kujibu, hata kama anajijibu mwenyewe moyoni.

Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa rangi. Pambo lilichapwa kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyingine moja ya kuchagua. Hiyo moja Kweyu hakuichagulia ofisini. Aliichagulia sokoni Gikomba. Kila mwanzo wa mwezi alikwenda kusimama kando ya kibanda cha Nasambu siku ya kufungua robota la mitumba, akaangalia kamera, ndizo zile nguo nzuri zinazonyakuliwa kwanza, zinaondoka za rangi gani. Wanawake wakigombania sweta za waridi, jina la jarida nalo lilivaa waridi. Wakigombania za zambarau, zambarau. Mwenye jarida, Bwana Muoki, alidhani mzee huyu ana kipaji. Kipaji kilikuwa cha Nasambu.

"Acha kuangalia macho yao, Baba Nabiswa," Nasambu alimfundisha, akimwita kwa jina la mwanawe. "Macho yanadanganya. Angalia mkono. Mkono ukishika mara mbili, hiyo imeenda."

Nasambu alikuwa Mbukusu wa pande za Webuye, mama wa makamo, mweusi ule weusi wa kung'aa, mwenye mwanya na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Aliuza nguo za watoto na sweta za akina mama. Nyumbani alikuwa hajafika miaka sita, aligombana na kaka zake kwa ajili ya shamba, na huko kijijini ilikuwa imevumishwa kwamba amekonda, amelala kitandani, ameisha kwa ule ugonjwa ambao watu wa miaka ile hawakuutaja jina. Mama yake mzazi alikuwa ameanza kulia.

Ndiyo sababu siku moja alimwambia Kweyu, "Nimekupa rangi miaka mitatu bila kukuomba kitu. Sasa naomba. Niweke hapo mbele."

"Kwenye jalada?"

"Ndiyo. Nikimtumia mama picha ya studio, watasema ni ya zamani, kabla sijaugua. Lakini gazeti lina mwezi umeandikwa juu. Mama akiniona hapo na mwezi wenyewe, atajua ni mimi, na niko mzima."

Kweyu aliona haya ni maombi madogo mno. Akaahidi. Akaongea na Muoki, Muoki akakubali kwa furaha, maana alikuwa na ukurasa wa "Mama Shujaa wa Mtaa" usio na shujaa. Mpiga picha akaja Gikomba, Nasambu akavaa blauzi ya kola na kilemba, akaweka saini kwenye karatasi, na picha ikatoka. Loo, ilikuwa picha. Kovu lipo, mwanya upo, macho yanakwambia njoo ununue au uondoke.

Muoki aliitazama picha hiyo kwa muda kisha akaiweka mezani kifudifudi.

"Mzee, huyu ni mweusi sana."

"Ndivyo alivyo, bosi."

"Najua ndivyo alivyo. Lakini nyuma ya jarida nimepata tangazo la mafuta ya kung'arisha ngozi. Tangazo la ukurasa mzima. Sasa mbele mtu mweusi tititi, nyuma mafuta ya weupe, watu watatuelewaje? Mpunguze kidogo. Wewe si unajua ile dawa yako?"

Dawa ilikuwepo, ya manjano, ndani ya chupa ya sharubati ya machungwa. Kweyu alichovya humo pamba iliyozungushwa kwenye njiti ya kiberiti, akaipitisha polepole juu ya picha, na popote ilipogusa, weusi uliyeyuka. Alikuwa ameitumia miaka mingi kufuta vivuli na mikunjo ya mashati. Alijiambia anapunguza kidogo tu. Akapunguza paji la uso. Paji likapishana na mashavu, ikabidi mashavu nayo. Shingo ikabaki nyuma kama ya mtu mwingine, akaifuata shingo. Kovu lilianza kuonekana kama uchafu, akaliondoa. Alipoinua kichwa saa ya chakula cha mchana, alikuwa na mwanamke mzuri mezani ambaye hajawahi kumwona.

Kazi ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomchukiza. Laiti ingekuwa mbaya! Lakini mkono wake haukukosea hata mahali pamoja. Ulikuwa umemmenya mtu kama kiazi kinavyomenywa. Jioni alipokula ugali, aliinusa ile dawa vidoleni, akaweka tonge chini.

"Umenawa?" Beldina akauliza.

"Nimenawa mara tatu."

"Basi nawa ya nne, baba, maana sura yako ni ya mtu aliyekanyaga panya."

Asubuhi alimwambia Muoki kwamba rangi zote huzipimia Gikomba, kwa kuangalia mikono ya wanunuzi, na kwamba picha ya kwanza, ile nyeusi, ndiyo itakayouza. Alikuwa na nakala yake. Muoki akacheka. "Twende tukapime. Si wewe unapimia Gikomba? Twende pamoja, nione."

Kweyu akakubali, kwa kuwa kipimo kilikuwa chake mwenyewe. Akatengeneza majalada mawili ya mfano, yote na jina la waridi, yote na swali moja: "Nani asema mama wa soko hana raha?" Tofauti ilikuwa uso tu. Alimwomba Mungu Nasambu awe ameenda kununua robota. Hakuwa ameenda. Alikuwa amesimama kibandani kwake, na kilemba kilekile, na alipowaona alicheka kwa mwanya wote.

"Limetoka?"

"Bado, mama," Muoki akasema. "Tunapima tu. Tuyalaze hapa juu ya sweta zako, tuone watu."

Akayalaza yeye mwenyewe, kama mabati, kisha akamvuta Kweyu kando. Nasambu aliinama kutazama. Kweyu alimwona akitazama la kwanza, akatabasamu. Alimwona akitazama la pili, akalisogeza, akatafuta mtu huyo ni nani.

Wanunuzi wakaja. Mama mmoja akashika jalada jeupe, akaliacha, akalishika tena. Wa pili akashika jeupe. Msichana wa saluni na mwenzake wakafika wakisukumana, msichana akainua lilelile jeupe hadi mwangani.

"Haki huyu ni msupa, mrembo kabisa! Cheki ngozi."

"Huyo si wa hapa," mwenzake akasema. "Huyo ni wa Lavington. Hajawahi kuona vumbi."

"Na huyu mwingine?"

"Huyo ni mama tu. Kama mama wa soko." Akamgeukia Nasambu, sweta mkononi. "Mathe, hii unaachia ngapi?"

Nasambu alikuwa amesimama mbele yao, umbali wa mkono. Akataja bei. Msichana akalipa, akamtazama usoni akipokea chenji, na akaondoka bila kumjua, si kwa jalada hili wala lile.

Muoki alikuwa akimpiga Kweyu begani. "Umeona? Mkono haudanganyi, mzee!"

Nasambu akayachukua majalada yote mawili, akaja nayo.

"Huyu mmoja ni nani?"

"Ni wewe, mama, tumekupendezesha," Muoki akasema. "Wenzako wote wangelipia hiyo."

"Mama yangu atamtambua?"

Muoki akasema mambo mengi kuhusu soko na tangazo, na kuhusu karatasi aliyoitia saini. Nasambu hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Kweyu. "Nimekuuliza wewe, Baba Nabiswa. Atamtambua?"

"Hapana," Kweyu akasema.

"Basi niondoe."

Walirudi ofisini na majalada yote mawili, Muoki akiimba chinichini, hata hakukasirika. Kesho mpiga chapa angechukua kurasa, na jalada jeupe juu yake. Kweyu akasubiri atoke kwenda benki. Akavuta droo, akatoa filamu ya picha ya Nasambu iliyoachwa na mpiga picha, akaikatakata kwa wembe vipande vyembamba kama sukuma wiki. Akalichukua jalada jeupe, akalimwagia dawa yote iliyobaki chupani, na akasimama akitazama yule mwanamke wa Lavington akiyeyuka, jicho la kushoto likienda mwisho. Alitaka kufurahi. Furaha haikuja. Kisha akaacha funguo za ofisi mezani, akaondoka asirudi tena.

Pambo lilitoka vilevile. Muoki alipata binti mwingine, mweupe wa kuzaliwa, na jina lilivaa waridi ya Gikomba. Kweyu aliliona limepangwa chini karibu na stendi, jicho kushoto, na kabla hajapita alihesabu mikono minne ikilishika. Alitema mate mtaroni kama mtu aliyemeza nzi.

Nakala nyeusi alikuwa nayo bado. Aliifunga kwa karatasi ya kaki, akaipeleka kibandani.

"Nimekuletea uso wako," akasema. "Filamu nimeiharibu. Hakuna atakayeichezea tena."

Nasambu hakuipokea. Alikuwa anakunja nguo. "Picha haina mwezi. Nilikuambia."

"Najua."

"Zilikuwa mkononi mwako zote mbili. Ukazileta hapa, juu ya sweta zangu, nichaguliwe kama nguo."

"Nisamehe, mama."

"Mwisho wa mwezi napanda basi, naenda nyumbani mwenyewe wanione. Nikirudi nitaona kama nimekusamehe." Akamtazama mikono, kisha akageuza macho upande. "Kwa sasa sogea kidogo, unanizibia wateja."

Kweyu akasogea.